Bata Asiyelia

Yawezekana baadhi ya walimu wenzetu watashangaa kukuta makala inayozungumzia bata katika kurasa hizi, ambazo kwa desturi hushughulika na ngeli, tenzi na mitaala. Tunawaomba watuvumilie. Jambo lenyewe lilizaliwa darasani, katika kipindi cha Kiswahili, na lililotusukuma kushika kalamu ni kosa tulilolitenda sisi wenyewe.

Tulikuwa tumewapa wanafunzi wa kidato cha kwanza zoezi juu ya sauti za wanyama. Zoezi hilo tulilinakili neno kwa neno, pamoja na majibu yake, kutoka katika kitabu fulani kilichochapishwa mbali na kwetu. Mbwa hubweka, jogoo huwika, simba hunguruma. Na bata, kwa mujibu wa kitabu hicho, hulia "kwaa-kwaa". Msichana mmoja, mkazi wa Awindiri hapa mjini Arua, aliandika katika nafasi iliyoachwa wazi: "Bata halii, bata hupumua tu." Tulipiga mkasi wa wino mwekundu, tukaendelea na daftari lililofuata.

Siku ya tatu msichana yule alifika shuleni mapema, kikapu kichwani, na ndani yake bata jike mwenye mabaka meusi na meupe. Hakusema neno. Alimweka juu ya meza ya mwalimu, akarudi kukaa mahali pake. Kwa muda wa kipindi kizima bata yule alilitazama darasa, akageuza shingo huku na huku, akatikisa mkia, akachafua daftari la mahudhurio, wala hakutoa "kwaa" hata moja. Wanafunzi walicheka hadi mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kulikoni. Sisi hatukucheka sana. Tulikuwa na sababu yetu nyingine ya kuona haya, ambayo tutaieleza mahali pake.

Bata anayefugwa Awindiri, Koboko, na kwa kweli katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, ndiye yule ambaye wataalamu wa viumbe humwita Cairina moschata. Ni ndege mzito, mwenye mwendo wa kujivuta. Dume aliyekomaa hufikia kilo 5 na hata kuzidi 6. Jike hufikia yapata nusu ya uzito huo. Uso wa dume umefunikwa vinundu vyekundu vya nyama kuanzia shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, kiasi kwamba mtoto amwonaye kwa mara ya kwanza hudhani ameumizwa. Kichwani ana kishungi cha manyoya ambacho hukisimamisha anaposisimka. Kucha zake ni kali, kwa maana kwa asili ni ndege wa misitu iliyo karibu na maji, alalaye juu ya matawi na kutaga ndani ya mashimo ya miti. Hata akifugwa, jike hupenda kupanda juu ya paa la jiko usiku, na mwenye nyumba asishangae.

Ama kuhusu sauti, msichana wetu alikuwa amekaribia ukweli kuliko kitabu. Dume hufoka kwa sauti ya upepo, mfano wa mtu anayepuliza kuni mbichi. Jike hutoa mluzi mwembamba kama wa kunong'ona, na mara chache mno, akikamatwa ghafula, aweza kutoa "kwaa" dhaifu isiyofika mbali. Bata wa kitabuni, yule mpiga kelele, ni ndege mwingine kabisa: ni uzao wa bata mwitu wa Ulaya na Asia ambaye dume lake lina kichwa cha kijani. Ndege hawa wawili wametengana sana katika ukoo, hata wakipandana watoto wao huwa tasa, kama baghala aliyezaliwa na farasi na punda. Waandishi wa vitabu vyetu hunakili vya Ulaya, sisi walimu tunanakili vya waandishi, na mtoto anayeishi na ndege mwenyewe uani ndiye anayekosa alama.

Basi ndege huyu alitoka wapi? Asili yake si Afrika wala Ulaya. Ni Amerika, kuanzia Meksiko mpaka kaskazini ya Ajentina, ambako mpaka leo yupo wa mwitu, mweusi wenye kung'aa kijani, na baka jeupe katika bawa. Wenyeji wa Amerika ya Kusini walimfuga zamani, kabla Mzungu yeyote hajatia nanga huko. Wafinyanzi wa Wamoche, waliokaa pwani ya kaskazini ya Peru katika miaka elfu ya kwanza ya zama hizi, wametuachia vyombo vya udongo vyenye sura yake. Naye Garcilaso de la Vega, mzaliwa wa Cuzco ambaye mama yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wainka, aliandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1609 kwamba watu wa Peru hawakuwa na ndege wa kufuga nyumbani isipokuwa aina moja tu ya bata. Yafaa tulikumbuke jambo hili. Kuku, ambaye sisi humwona kuwa ndiye ndege wa nyumbani kwa asili, kule alikuwa mgeni aliyeletwa kwa merikebu. Na bata, ambaye sisi humwona nyongeza tu, kule ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Wahispania na Wareno walipofika huko mwishoni mwa karne ya 15 na katika karne ya 16, walimkuta amekwisha kuzoea watu, wakampakia. Mwaka 1555 Conrad Gessner, mtaalamu wa viumbe wa mji wa Zürich, alikwisha kumweleza katika kitabu chake, akimwita bata wa Kihindi. Na hapo ndipo ilipoanza mchafuko wa majina ambao mwalimu wa lugha hawezi kuupita bila kusimama.

Waingereza walimwita bata wa Muscovy, yaani wa nchi ya Moscow, ambako hakutoka. John Ray, mtaalamu wao wa karne ya 17, alishikilia kwamba jina hilo halihusiani na nchi, bali na miski, kwa ajili ya harufu aitoayo ndege huyo. Wengine hudhani kwamba lilitokana na kampuni ya wafanyabiashara wa Kiingereza waliosafiri Urusi, iliyoundwa mwaka ule ule wa 1555. Linnaeus alipompa jina la kitaalamu mwaka 1758 alifuata njia ya miski, akamwita moschata. Jina la kwanza, Cairina, lina maana ya "wa Kairo". Wafaransa nao humwita bata wa Barbarie, yaani wa pwani ya Afrika ya Kaskazini. Hivyo ndege mmoja wa Amerika amebeba Moscow, Kairo, Barbarie na Uhindi mgongoni pake, na hakuna hata nchi moja kati ya hizo iliyomzaa. Wabrazili peke yao ndio waliomtendea haki: wao husema "pato", neno la kawaida la bata, kwa maana ya huyu wa kwao, na yule mpiga kelele wa Ulaya humpa jina jingine, "marreco".

Tusiwacheke Wazungu, kwani sisi pia tumo. Mahindi yalitoka Amerika, nasi tuliyaita kwa jina la Uhindi. Bata bukini tulimwita kwa jina la Bukini, ambalo ni jina la kale la kisiwa cha Madagaska, ingawa jamaa zake walianza kufugwa mbali na kisiwa hicho. Na bata mzinga je? Huyo naye ni Mwamerika, naye ametangatanga katika lugha za watu vivyo hivyo: Waingereza humwita kwa jina la Uturuki, Waturuki wenyewe kwa jina la Uhindi, Wareno kwa jina la Peru, na Wamisri humwita jogoo wa Kirumi. Ndege wa kigeni huitwa kwa jina la mahali ambapo aliyemnunua alidhani muuzaji ametoka. Baadhi ya wanafunzi wetu hapa Arua humwita dume kubwa la bata wa kawaida "bata mzinga", kwa sababu ya ukubwa na ule uso mwekundu. Kwa mujibu wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu jina hilo ni la ndege mwingine, nasi huwasahihisha. Lakini siku hizi tunawasahihisha kwa upole zaidi.

Kuhusu neno "bata" lenyewe, maoni yamegawanyika. Kuna wanaolihusisha na "pato" la Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kukaa karne mbili. Sisi twaona kwamba Kiarabu, chenye "batt" na "batta", kina haki kubwa zaidi. Sauti ya mwanzo inalingana bila kulazimishwa, na ilikuwa kawaida ya Waswahili kupokea majina ya vitu vya biashara na vya nyumbani kutoka kwa Waarabu. Kutoka pwani neno hilo liliingia bara: Wakikuyu husema "mbata", Waganda "embaata". Wajaluo ndio wana lao, "atudo". Na huko magharibi, katika Kilingala, tunakutana na "libata".

Arua imekaa mahali ambapo milango hii yote inafunguka. Watu wengi hufikiri kwamba maneno yote ya Kiswahili yaliyoko West Nile yalipanda kutoka Mombasa kwa reli, kupitia Kampala. Si hivyo. Kiarabu kilifika kwetu kikitoka kaskazini, kikifuata mto Naili. Emin Pasha, mzaliwa wa Oppeln katika Silesia ambaye jina lake la awali lilikuwa Eduard Schnitzer, aliteuliwa kuwa gavana wa jimbo la Ikweta mwaka 1878. Vita vya Mahdi vilipomtenga na Khartoum alihamia kusini, akafanya makao yake Wadelai, ukingoni mwa Naili, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya West Nile. Alikuwa daktari na mpenzi mkubwa wa ndege, na ngozi za ndege alizozikusanya zilipelekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Alipoondoka pamoja na Stanley mwaka 1889, askari wake wengi walibaki chini ya Selim Bey, na mwaka 1891 Lugard aliwachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaingiza katika utumishi wa Kampuni ya Kiingereza. Wazao wao, Wanubi, wapo Arua, wapo Bombo, wapo Kibera, na lugha yao, Kinubi, ilizaliwa kutokana na Kiarabu kile cha kambini. Nchi yenyewe ilipita mikononi mwa wengi: chini ya mkataba wa mwaka 1894 ilikuwa sehemu ya Lado, milki ya Mfalme Leopold, alipokufa mwaka 1909 ikarudi Sudan, na mwaka 1914 ikaunganishwa na Uganda, ndipo mji wa Arua ulipoanzishwa. Kwa hiyo neno "bata" liliweza kutufikia kwa mlango wa kaskazini, mdomoni mwa askari wa Emin, na kwa mlango wa mashariki, mdomoni mwa wafanyabiashara na askari wa Kiswahili. Wanafunzi wetu waliotoka Sudan Kusini, ambao wengi wao wazazi wao walipokewa tangu mwaka 2016 katika makazi ya Bidi Bidi, Imvepi na Rhino Camp, hatuwafundishi neno hili. Wanalo tayari, limetoka katika Kiarabu cha kwao.

Sasa tueleze ile sababu ya kuona haya.

Mwezi Oktoba 1980 mapigano yaliporudi Arua na Koboko, mwaka mmoja na nusu baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin, watu wa mkoa wetu walivuka mpaka kwa maelfu, wengine kuingia Zaire, wengine Sudan. Vijiji vizima vilibaki vitupu. Mama yetu alikuwa mjamzito. Mtoto aliyekuwa tumboni ndiye anayeandika haya. Walikwenda usiku, kwa vijia vya mashambani, kuelekea upande wa Ariwara. Nyumbani kulikuwa na kuku kumi na moja na bata watatu. Kuku wote waliachwa, kwa sababu kuku akibebwa gizani hupiga kelele, na kelele usiku ule ilikuwa mauti. Dume la bata lilikuwa zito. Mama alichukua bata jike mmoja, akamfunga miguu kwa kitambaa, akamweka katika kikapu na kumfunika kwa kanga. Kutoka saa mbili za usiku mpaka jua lilipochomoza, bata yule hakutoa sauti.

Habari hii tuliisikia tangu utotoni, si chini ya mara hamsini. Ilikuwa ndiyo hadithi ya nyumbani kwetu. Bata yule ndiye aliyeanzisha mji wetu mpya ukimbizini: alipandwa na dume la jirani, akataga, akaatamia, na vifaranga vyake vilibadilishwa kwa chumvi, sabuni na mihogo katika soko la Ariwara. Huko tulijifunza kumwita "libata" kabla hatujajua kumwita "bata". Na baada ya kurudi Uganda mwaka 1987, baada ya kwenda shule, baada ya chuo cha ualimu na stashahada, tuliketi mezani na kalamu nyekundu tukamkosesha mtoto aliyeandika kwamba bata halii.

Msomaji ataelewa kwa nini tangu siku ile tumewafuga bata shuleni. Tulianza na jike wawili na dume moja, katika kibanda kilichojengwa na wanafunzi kwa matete na udongo. Kusudi letu la kwanza lilikuwa la lugha. Wanafunzi waliandika kila siku sentensi tatu katika daftari moja la pamoja, na haikuchukua muda kabla ya kuhitaji maneno ambayo hakuna zoezi lingewapa: kuatamia, kuangua, kishungi, kunyonyoka, kuvimba, kufoka. Katika ngeli, mjadala wa "bata huyu" na "mabata haya" ulichukua kipindi kizima, na ulikuwa mkali kuliko mjadala wowote tuliowahi kuuongoza. Jike wa kwanza alipoatamia mayai kumi na mawili, wanafunzi waliohesabu siku kwa kufuata kuku walitangaza siku ya ishirini na mbili kwamba mayai yameharibika. Kuku huangua kwa siku 21, na yule bata wa kitabuni kwa siku 28. Huyu wetu huchukua siku 35. Vifaranga kumi vilitoka. Siku hiyo tuliahirisha somo la methali.

Kusudi la pili lilijitokeza lenyewe. Watoto wadogo wa shule ya msingi iliyo jirani walianza kuja saa ya mapumziko ili kuwashika. Katika nchi za ng'ambo yapo mashamba na bustani zilizotengwa mahususi ili watoto wa mijini wakaribie na kupapasa wanyama wa kufugwa. Miji ya London na Philadelphia ilifungua bustani za namna hiyo katika miaka ya 1930. Kwetu lingeonekana jambo la ajabu kumlipia mtoto ili aguse mbuzi. Lakini Arua ilipata hadhi ya jiji mwaka 2020, na katika nyumba za kupanga wapo watoto ambao kuku wao ni wa kwenye sahani tu. Kwao bata huyu anafaa kuliko ndege wengi. Hana haraka, hapigi kelele, humzoea amlishaye na kumfuata kama mtoto amfuatavyo nyanyake, na anapopendezwa hutikisa mkia na kusogeza kichwa mbele na nyuma kana kwamba anakubaliana na maneno yako. Bata mzinga hutisha watoto. Bata bukini huwauma. Kuku humkimbia mtoto, na sungura hufa kwa hofu akishikwa na watoto ishirini.

Hatusemi kwamba hana kasoro. Madume mawili katika banda moja hupigana kwa mbawa na kucha mpaka damu itoke, na dume lisilo na jike wa kutosha huwasumbua kuku wa jirani hata kuwajeruhi. Tulipata malalamiko, nasi tulilipa. Kucha huchana ngozi ya mtoto anayembeba vibaya. Namna iliyo sahihi ni kumkumbatia chini ya kwapa, mbawa zimebanwa, mkono mmoja ukishika miguu. Kamwe asibebwe kwa shingo wala kwa bawa moja. Jike huruka vizuri, kwa hiyo manyoya marefu ya bawa moja yapunguzwe. Mavi yake ni mengi na ya majimaji. Mtoto lazima anawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, na hili si adabu tu: Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa hapa Uganda, katika ndege wa mwitu wa Ziwa Victoria na vilevile katika bata na kuku wa kufugwa upande wa Masaka. Ndege akionekana mgonjwa, watoto wakae mbali na daktari wa mifugo aitwe.

Maji hayahitaji kuwa mengi. Bata huyu si mwogeleaji mkubwa kama yule wa Ulaya, na karai pana lenye maji ya kutosha kuzamisha kichwa humridhisha. Chakula chake ni majani, makombo, pumba na wadudu. Watafiti wa Ontario, Kanada, waliwahi kuwaweka bata wa aina hii katika mabanda ya ndama, wakaona kwamba inzi walipungua sana. Mama zetu walilijua jambo hilo bila utafiti. Na msimu wa kumbikumbi, wale ambao Walugbara huwaita onya, ufikapo, ndipo utakapomwona bata mzito wa kilo tano akikimbia mbio ambazo hukuzitazamia, mdomo wazi, akishindana na watoto wenye mabeseni. Mwaka jana bata walishinda.

Wapo wenzetu waliotuambia kwamba tunapoteza muda. Serikali ya Uganda iliamua mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari; vitabu havitoshi, walimu hawatoshi, nasi tunachunga bata. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuipuuzi. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa hapa Uganda mara moja kabla, mwaka 1973, kwa amri ya Amin, na sote twajua jinsi kilivyobaki kuwa lugha ya kambi na ya kizuizi cha barabarani machoni pa wengi. Wazazi kadhaa wa wanafunzi wetu, hasa waliohamia kutoka kusini, bado husikia ndani yake mlio wa bunduki. Hatujui hotuba ya kuwageuza. Lakini tumemwona mzazi mmoja wa namna hiyo akisimama nje ya kibanda, binti yake akimweleza kwa Kiswahili kwamba jike hataki kuguswa kwa sababu anaatamia, na mzazi akauliza, kwa Kiswahili, zimebaki siku ngapi.

Alama ya yule msichana tuliirekebisha, na mbele ya darasa tulieleza kwamba kosa lilikuwa letu. Tukaandika ubaoni sentensi yake yote. Jioni tulikwenda kumsimulia mama yetu, ambaye sasa ni mkongwe na hatoki sana nje. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mtoto huyo ni wa nani. Tulimtajia ukoo.

"Na huyo bata," akasema, "kukaa mezani muda wote huo, mlimpa maji?"

Tulikiri kwamba hatukumpa.

"Mwanangu," akasema, naye akageukia ukutani.